Seva Iliyokosa Matanga

Habari za asubuhi. Walionisikia Lindi wataguna, lakini nitarudia mpaka mnichoke: seva ya saraka, ile kompyuta inayotunza daftari la watumiaji wa ofisi, iliyolala kabatini zaidi ya siku 180 usiirudishe kwenye mtandao. Ifute.

Kuna ofisi moja, siitaji, makao yake hapa Mtwara mjini na tawi Masasi. Kila upande una seva yake ya Active Directory, saraka ya Microsoft, na daftari zima la watumiaji limo kwenye faili moja, ntds.dit. Mwezi wa tatu tawi likaezekwa upya, seva ikatiwa kwenye boksi pamoja na birika la chai. Mwezi wa nne mhasibu mmoja akaondoka kwa ugomvi, akaunti yake ikafutwa huku mjini. Mwezi wa kumi na moja, minada ya korosho imepamba moto, boksi likafunguliwa.

Sasa nisikilizeni. Ukifuta akaunti, saraka haiitupi papo hapo. Inaiwekea alama ya kifo, na alama hiyo ndiyo inayozunguka seva kwa seva kupeleka habari ya msiba. Matanga hayo ni siku 180. Saraka za zamani zilikuwa na 60. Yakishaanuliwa, hata alama inafagiliwa. Aliyekosa matanga hana tena wa kumwambia. Seva ya Masasi ikarudi ikijua mhasibu yu hai.

Na mfumo haukuwa mjinga! Ulikataa kuongea nayo, ukaandika tukio namba 2042. Kijana wetu akaona usumbufu. Akaingia kwenye rejista, ile hazina ya mipangilio ya Windows, akalazimisha, na ule ukaguzi mkali unaozuia vilivyofutwa visirudi akaulegeza. Siku mtu wa tawi aliposahihisha namba ya simu kwenye akaunti ile, ikavuka nzima nzima mpaka Mtwara. Tukaikuta kwenye orodha ya wakaguzi. Nywila ileile, inafungua.

“Lakini mwalimu, intaneti ya Masasi ni kinyonga, kujenga seva upya ni siku nzima.” Nani kakutuma uburute kila kitu kwenye laini? Chukua bekapu changa ya Mtwara, itie kwenye diski, ipande basi la alfajiri. Seva mpya itajazwa kutoka hapo, laini ibebe yaliyobadilika tu. Na jina la seva ya zamani ling’oe kwenye saraka, usiache mzimu.

Mwingine hapo nyuma anatabasamu, ana picha ya diski nzima ya mwaka jana. Babu, hiyo ndiyo balaa! Ukiirudisha kienyeji, seva inaanza kutaja namba za mabadiliko, zile inazoyapa mabadiliko yake kwa mfuatano, ambazo wenzake walishazisikia. Wanaipuuza, kimya, na wewe unadhani mambo safi.

Naoneshwa saa. Haraka basi: saa za mashine zikipishana zaidi ya dakika 5, Kerberos, bawabu anayehakiki wanaoingia, inawafungia watu mlango. Kubana ntds.dit tuliache. Nywila ya hali ya urejeshaji, ya kuingilia seva saraka ikiharibika, ile mliyoiandika siku ya kusimika seva, wangapi mnaikumbuka? Mikono juu.

Mmoja. Na ameushusha.