Konsonanti Iliyojificha: Kimaori na Kimalay

Mabibi na mabwana, leo nataka kuonyesha kwamba Kimaori, lugha ya wenyeji wa New Zealand, na Kimalay cha Malaysia ni ndugu, na naanza na onyo. Mswahili akisikia Kimalay kwa mara ya kwanza hudhani amekutana na ndugu yake. Anasalimiwa "apa khabar", anasikia habari. Anasikia dunia, waktu, kitab, selamat. Akigeukia Kimaori anakutana na rangi. Basi, moyo unafurahi, na kesho yake makala imeandikwa kwamba watu hawa ni wetu.

Si wetu. Khabar na waktu ni Kiarabu, kiliwafikia wao na sisi kwa jahazi na dini. Rangi ya Kimaori ni mbingu. Ya kwetu ni Kiajemi. Lima ya Kimalay ni tano. Ya kwetu inataka jembe. Kufanana kwa masikio hakuthibitishi kitu, na nitaendelea kulisema hili mpaka liingie.

Kazi yenyewe ya kuthibitisha udugu wa lugha hufanywa hivi. Chukua maneno ya mwili, maji, moto, mvua, kula, kulia. Mia moja au mia mbili yanatosha kuanzia. Toa yote ya mkopo. Yaliyobaki yapange safu mbili, kisha usiulize kama yanafanana. Uliza kama tofauti zake zinajirudia. Tano: Kimalay lima, Kimaori rima. Sikio: telinga, taringa. Mbingu: langit, rangi. Penye l huku, pana r kule. Njia: jalan kwa Wamalay, ara kwa Wamaori. Hapo l imekuwa r kama tulivyotarajia, j imeanguka, na n ya mwisho imeanguka. Sasa tazameni mvua: hujan na ua. Hayana hata konsonanti moja ya pamoja, ila j imeanguka palepale ilipoanguka kwenye njia, na n vilevile. Hawa ni ndugu wa damu. Rangi yao na rangi yetu, zinazolingana herufi kwa herufi, si ndugu. Mkishika hilo tu leo, mmepata.

Kimaori hakikubali konsonanti mwishoni mwa neno. Kina konsonanti kumi tu, na kila silabi huishia kwenye irabu, kama zetu nyingi. Kwa hiyo langit ikapoteza t, ikan ya samaki ikawa ika, tangis ya kulia ikawa tangi. Mtu atasema: huo ni ujanja wa wanaisimu, kila kisichofaa "kimeanguka". Ushahidi uko wapi?

Uko kwenye kauli ya kutendwa. Kunywa kwa Kimalay ni minum, kwa Kimaori ni inu. M ya mwisho haipo. Mwambie Mmaori aseme "kunywewa", atakwambia inumia. M hiyo! Kufukia ni tanu, na Mmalay ana tanam, kupanda ardhini. Kufukiwa ni tanumia. Kulia ni tangi, kuliliwa ni tangihia, na h hiyo imekaa mahali pa s ya tangis. Konsonanti ilianguka ilipokuwa ukingoni. Ilipofuatwa na kiambishi ilikuwa katikati ya neno, ikakingwa. Wasamoa, wa visiwa vya Pasifiki, nao wana inu na inumia.

Anayeona hili ni la mbali ajisikilize mwenyewe. Tunasema zaa, kisha tunasema zaliwa. Chukua, chukuliwa. Toa, tolewa. Hiyo l imetoka wapi? Waganda bado wanayo mahali pake: okuzaala. Sisi tuliiangusha kati ya irabu, ikabaki imejificha kwenye mnyambuliko. Na kama vile mwanafunzi wetu anavyofundishwa kwamba -liwa ndicho kiambishi, na Mmaori wa leo huihesabu -mia kuwa mkia wa kitenzi hiki, -hia mkia wa kile. Hata kosa ni moja: sisi tunasema sahauliwa, ingawa sahau ni neno la Kiarabu lisilowahi kuwa na l, wao huyapa maneno ya kigeni mkia wa -tia. Kwa hiyo -tia peke yake isikupe furaha, huenda haikuhifadhi chochote. Tafuta mikia ya nadra.

Kuna pingamizi la namba, nalo huletwa kila mara. Kimaori kinasema toru, whitu, waru, iwa kwa tatu, saba, nane, tisa. Kimalay kinasema tiga, tujuh, delapan, sembilan. Udugu gani huo? Ndugu zangu, nani kasema namba hazibadilishwi? Sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu, na kenda imebaki kwa wazee na vitabu. Wamalay walibadilisha nane na tisa kutoka ndani ya lugha yao: delapan ni "mbili zimetolewa", sembilan ni "moja imetolewa", yaani katika kumi. Mbili, nne, tano na sita zimebaki: dua na rua, empat na whā, lima na rima, enam na ono.

Aliyezipanga sheria hizi kwa ukamilifu ni Otto Dempwolff, daktari wa jeshi la Wajerumani, aliyefika pia Afrika Mashariki na mwaka 1916 akachapisha kazi juu ya Wasandawe. Huko Hamburg alikuwa karibu na Carl Meinhof, aliyepanga sauti za lugha za Kibantu. Njia ileile aliipeleka kwenye lugha hizi za visiwani, vitabu vitatu, 1934 hadi 1938.

Muda unakimbia, sarufi siimalizi. Mmaori huanza na kitenzi, Mmalay huanza na mtenda. Hilo liwekeni kando. Ila msiache neno "sisi". Mmalay ana kita, sisi pamoja nawe, na kami, sisi bila wewe. Mmaori ana tātou na mātou: t ya kita, m ya kami.

Na upepo. Kimalay barat ni magharibi, Kimaori āwhā ni tufani. Neno moja, upepo wa msimu. Nasi tunasema kaskazini kwa sababu kaskazi huvuma kutoka huko.