Pima dari kabla ya kukwangua

Ndugu zangu, asanteni kwa nafasi. Najua wengine mmeshanisikia kwenye hili mara nyingi, leo mtanisikia tena, maana watu wetu hapa Marekani bado wananunua nyumba za miaka ya 60 na 70, na wakishika funguo tu kitu cha kwanza ni kupanda ngazi kukwangua dari. Zile za popkoni, zenye vipele vipele, mnazijua. Sikatai, ni mbaya na zinashika vumbi. Ila pima kwanza kama ina asbesto, zile nyuzi ndogo za madini zinazoharibu mapafu ukizivuta!

Kuna kijana alinipigia simu usiku, kaka njoo uone kazi, nikaenda. Amekwangua sebule nzima, tena kavu, hata tone la maji hakunyunyiza. Vumbi jeupe limelala kwenye makochi mpaka kwenye sahani za jikoni, feni inazunguka, mkewe anafagia, na mtoto anatambaa humo humo. Namuuliza ulipima? Anasema jamaa wa YouTube alikwangua tu. Nikamwambia zima feni, toa mtoto, acheni kufagia, na hiyo vakyumu ya kawaida usiiwashe kabisa maana inavuta vumbi kwa mbele inatema nyuzi kwa nyuma. Majibu ya maabara yakarudi, asbesto imo. Wakaitwa wataalamu, zulia likatupwa, makochi yakatupwa, wakati kupima ni makumi ya dola tu jamani.

Sasa kuna mtu hapo anasema moyoni, mbona kwetu tumekulia chini ya mabati ya asbesto na tuko hai? Sikiliza. Asbesto ya lile bati imeshikwa na saruji, hii ya dari ni laini, ukiigusa inapukutika. Na ugonjwa wake hauji kesho, unaweza kukaa miaka 20, 30, hata 40 ndio mapafu yaanze kulalamika. Kwa hiyo kusema uko hai leo sio jibu, na huyo mtoto anayetambaa ana miaka mingi mbele yake.

Mwingine ataniambia nyumba yangu ni ya 1981, na marufuku ya kupulizia asbesto kwenye dari ilitoka 1978. Sawa, lakini mzigo uliokuwa stoo uliachwa uishe, usiiamini hiyo 1981.

Kupima ni hivi, chupa ya kupuliza, maji na tone la sabuni ya vyombo, lowesha vizuri, kwangua kama kijiko kimoja uweke kwenye mfuko unaofungwa, chukua sehemu zaidi ya moja, peleka maabara.

Naona naoneshwa saa. Haraka haraka basi, asbesto ikikutwa imo na dari haijaharibika, iache, au ita wenye leseni waifunike kwa jipsamu, wewe usitoboe hata tundu la taa. Chupa na mifuko iko hapa mbele, mwenye nyumba ya zamani aje achukue, halafu maswali.