Sheria au Biashara: Hesabu ya Miaka Thelathini
(Mhadhara kwa wanafunzi wa kidato cha sita, Tabora)

Walimu wangu na wazazi mliofika, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Swali mliloniletea ni hili: mwanasheria na mtu wa biashara, nani atakuwa na mali zaidi uzeeni? Mimi ni wakili hapa hapa Tabora, kwa hiyo naanza na upande wangu.

Shahada ya sheria pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni miaka minne, na ukiimaliza bado hujawa wakili. Unakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, na huko si mteremko. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Ukishaapishwa, mara nyingi unaanza kwa kubeba mafaili ya wakili mkubwa kwa posho ndogo. Mwenzako aliyekwenda upande wa biashara, tuseme uhasibu, alisoma miaka mitatu. Naye ana mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, akiitaka CPA, yaani cheti cha mhasibu aliyeidhinishwa, lakini anaweza kuifanya huku analipwa.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme mhasibu huyo anaweka laki moja kila mwezi mahali panapompa asilimia 10 kwa mwaka, na faida inajumlishwa kila mwezi nayo ikazaa. Baada ya miaka 30 ana takriban shilingi milioni 226. Wewe mwanasheria ukianza miaka mitano nyuma yake, ukaweka kiasi kile kile mpaka siku mnayostaafu pamoja, unaishia kwenye milioni 133 hivi. Fedha alizokuzidi kuweka kutoka mfukoni mwake ni milioni sita tu. Milioni 87 zinazobaki zimezaliwa na muda. Naomba sana mkairudie hesabu hii nyumbani, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Je, sheria haina malipo? Inayo, na mara nyingi huja kwa kuchelewa. Wakili wa miaka hamsini mwenye jina zuri mahakamani anatafutwa kuliko kijana. Ila inategemea yuko wapi na anashika kesi za nani. Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015 inapanga ada nyingi kwa kufuata thamani ya shauri. Sisi huku tunashika mirathi, viwanja, mashamba na migogoro ya kazi. Mashauri ya mabenki na makampuni makubwa yako zaidi Dar es Salaam, ilipo Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu tangu 1999. Mawakili wawili walioapishwa siku moja wanaweza kupishana mapato kuliko wakili na mhasibu.

Na biashara? Hapa vijana wengi wanachanganya mambo. Kusoma biashara si kumiliki biashara. Mhasibu wa benki ni mwajiriwa sawa na wakili wa serikali: wote wanakatwa kodi kwenye mshahara, na wote, kama walisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Mmiliki ni habari nyingine. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga Nzega akilazwa hospitali ya Kitete, mashine inaendelea kukoboa. Mimi nikilazwa, kesi zangu zinaahirishwa. Mashine anaweza kuiuza au kuwarithisha watoto, lakini ofisi yangu ya uwakili mtoto asiye wakili hawezi kuiendesha. Hata hivyo mvua ikikataa, mpunga hauji, na rejesho la benki linadaiwa palepale. Nimewatetea watu wa namna hiyo dhamana zao zikienda mnadani. Inauma, na sitaki mtu atoke hapa akidhani biashara ni njia ya mkato.

Kwa maoni yangu, sheria inakupa riziki ambayo si rahisi kukauka kabisa, lakini utajiri wa muda mrefu uko kwenye kumiliki kitu, uwe umesoma sheria au biashara. Kwa hiyo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) mnaoipenda sheria, nendeni bila woga. Ila boom la kwanza, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likiingia, fungua akaunti UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hata kwa kiasi kidogo. Ukianza kulipwa, ongeza, ukifikisha milioni moja uliza hatifungani za serikali za miaka 20 na 25, yaani kuikopesha serikali ikulipe riba. Wa ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) mnaotaka kumiliki mapema, kaulizeni halmashauri kuhusu ile asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kuwakopesha vijana. Mkopo wake hauna riba, na unatolewa kwa vikundi.

Karibuni kwa maswali.