Étienne Gilson na kuisoma upya falsafa ya Zama za Kati

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi wapenzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kitaaluma ya Étienne Gilson, mwanafalsafa na mwanahistoria wa falsafa, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1884 na kufariki mwaka 1978. Sitapitia kila cheo alichoshika. Ninataka tutazame zaidi namna kazi yake ilivyoanza, kwa sababu naamini kwamba mengi aliyokuja kuyafanya yalichipuka hapo.

Gilson alipokuwa mwanafunzi Sorbonne, chuo kikuu cha Paris, walimu wengi walifundisha kana kwamba baada ya Wayunani hapakuwa na fikra yoyote ya maana hadi alipotokea René Descartes katika karne ya 17. Msimamizi wake alikuwa Lucien Lévy-Bruhl, yule yule ambaye wanafalsafa wa Kiafrika wamemkosoa, na kwa haki kabisa, kwa aliyoyaandika kuhusu fikra za watu aliowaita wa jamii za chini. Hata hivyo, ushauri aliompa mwanafunzi wake ulikuwa mzuri: achunguze kile ambacho Descartes alikipata kwa wanazuoni wa skolastiki, yaani falsafa na teolojia iliyofundishwa katika shule za Kikristo tangu Zama za Kati. Gilson, ambaye wakati huo hakuwa amemsoma Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkuu wa karne ya 13, akaanza kazi.

Njia yake ilikuwa ya subira. Alizichukua istilahi za Descartes, akazipanga kwa alfabeti, na chini ya kila moja akanakili vifungu vya Kilatini vilivyolingana nayo kutoka kwa Thoma, kwa Francisco Suárez, Mjesuiti wa Uhispania, na kwa Wajesuiti wa Coimbra huko Ureno, waandishi ambao mafundisho yao yalitawala shule za Kijesuiti kama ile ya La Flèche, alikosomea Descartes. Chukueni mfano mmoja. Katika Tafakuri ya Tatu, Descartes anathibitisha kuwapo kwa Mungu kwa kutegemea kanuni kwamba sababu haiwezi kuwa na uhalisia pungufu kuliko matokeo yake. Naye anaileta kama jambo ambalo akili inaliona yenyewe, bila kumtaja mwalimu yeyote, ilhali kanuni hiyo ilikuwa imejadiliwa madarasani kwa karne nyingi. Faharasa hiyo ilichapishwa mwaka 1913, pamoja na tasnifu yake juu ya uhuru katika Descartes na teolojia. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba Zama za Kati zilikuwa pengo tupu.

Vita vikaingia. Alitekwa na Wajerumani huko Verdun mwaka 1916, na akiwa mfungwa aliendelea kumsoma Bonaventura, mwanateolojia Mfransisko aliyeishi wakati mmoja na Thoma. Mwaka 1919 alianza kufundisha Strasbourg, mwaka 1921 akarudi Sorbonne, na mwaka 1932 akaingia Collège de France.

Kitabu chake juu ya Bonaventura kilitoka mwaka 1924, nacho kilizua ubishi. Wapo wasomi walioamini kwamba Bonaventura alikuwa Thoma ambaye hajakomaa. Gilson alisisitiza kuwa huyu Mfransisko alikuwa na njia yake mwenyewe, yenye mantiki kamili, na kwamba aliposhindwa kukubaliana na Aristotle alijua vizuri anachokikataa. Kwa hiyo Zama za Kati hazikuwa na sauti moja tu.

Mwaka 1926, pamoja na Gabriel Théry, alianzisha jarida la historia ya mafundisho ya Zama za Kati. Katika toleo la kwanza aliuliza kwa nini Thoma alimkosoa Augustino, na jibu lake lilipitia kwa Ibn Sina, mwanafalsafa Mwislamu ajulikanaye Ulaya kama Avicenna, ambaye kitabu chake juu ya nafsi kilitafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12. Gilson alionyesha kwamba baadhi ya wanateolojia waliiunganisha nuru ya Mungu aliyoifundisha Augustino, ile inayoiwezesha akili kuujua ukweli, na akili tendaji ya Ibn Sina, yaani akili iliyo nje ya binadamu inayoziangaza akili zetu, na Thoma alipoupinga muungano huo ilimbidi awajibu wote wawili. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa kuwa bado kuna mitaala inayoisimulia falsafa ya Ulaya bila kumtaja Mwislamu hata mmoja.

Mwaka 1929 alishirikiana na mapadri Wabasili kuanzisha taasisi ya masomo ya Zama za Kati huko Toronto, Kanada. Alitaka mwanafunzi wa falsafa ajifunze pia kusoma hati za kale, sheria ya Kanisa, liturujia na historia, maana matini za wakati ule ziliandikwa na watu walioishi ndani ya hayo yote kwa pamoja.

Lipo jambo moja ambalo mimi sikubaliani naye. Katika maandishi yake ya baadaye, hasa yale ya mwaka 1949 juu ya kuwapo, anawapima Ibn Sina, Mfransisko Duns Scotus na Suárez kwa kipimo cha Thoma, na kila mmoja anaonekana amepungukiwa. Hapo mwanafalsafa amemzidi nguvu mwanahistoria, na ile haki aliyomtendea Bonaventura wengine hawakuipata. Ndiyo maana wanafunzi wanaponiuliza waanzie wapi kumsoma Gilson, huwaelekeza kwenye kitabu kile cha 1924.