Kabla ya Mtihani Kuna Karatasi: Mazungumzo na Wauguzi wa Mombasa

Ketini, ketini. Mwenyekiti, wauguzi wakuu mliotuheshimu leo, na nyinyi wa mwaka wa mwisho mliojibanza kule karibu na mlango, hamjambo? Walionisikia mwaka jana wanajua nitakachosema, na ruhusa wanayo ya kwenda kunywa chai.

Najua mlichokifuata. Mnataka habari za NCLEX, ule mtihani wa kupata leseni ya uuguzi Marekani. Haya, tuumalize. Maswali ni kati ya 85 na 150, muda ni saa 5, na kompyuta inakupima huku ikienda: ukipata, inakuletea gumu zaidi, ikisharidhika kuwa unajua au hujui, inajifunga yenyewe. Kwa hiyo ikikufungia kwenye swali la 85 usianze kulia, wala usipige vigelegele. Ukianguka unasubiri siku 45, unalipa tena, unarudi. Basi. Vitabu vipo, makundi ya WhatsApp mnayo, na kukesha mmekuzoea wodini.

Mimi nimekuja kuzungumza juu ya majina yenu. Msicheke.

Chukua binti wa hapa kwetu, tuseme anaitwa Fatuma Said Mohamed. Hivyo ndivyo kitambulisho kinavyosema. Cheti cha kidato cha nne kinasema Fatma Saidi Mohammed, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu alikuwa na haraka. Chuo kikamwandika Fatma S. Mohamed. Leseni yake ikatoka Fatuma Mohamed Said, karani kageuza. Kisha akaolewa, na kwenye pasipoti akaongeza jina la bwana. Hapa Mombasa hilo halimsumbui mtu. Mtaa mzima unamjua ni mtoto wa nani. Lakini anayekagua faili lake Philadelphia, kule Marekani, hamjui. Yeye anaona wanawake watano, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekamilisha masomo ya uuguzi.

Na siku ya mtihani ni vivyo hivyo. Jina la kwanza na la mwisho kwenye pasipoti lisipolingana na lile lililo kwenye barua yako ya idhini ya kufanya mtihani, unarudishwa mlangoni. Ada imekwenda. Unajisajili upya na kulipa upya. Mlinzi wa mlango ule hana shangazi Kisauni wa kumwombea radhi.

Kuna kijana wangu mmoja, nilimsomesha mwenyewe, sasa yuko Marekani anafanya kazi. Jina lake simtaji. Huyu alianza kama mnavyoanza nyote: akakimbilia Kiingereza. Akafanya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, akafaulu vizuri, akanipigia simu kwa furaha. Nikamuuliza, karatasi za chuo zimekwenda? Akasema, "Hizo ni kazi ndogo, mwalimu." Sawa.

Karatasi zenyewe zinakwenda hivi. Ile taasisi ya Marekani inayokagua vyeti vya wauguzi wa nje, CGFNS, ambayo siku hizi inajiita TruMerit, haipokei nakala ya matokeo kutoka mkononi mwako. Hata kama ni halisi, hata kama ina muhuri wa wino mbichi. Lazima itoke chuoni moja kwa moja. Leseni nayo ithibitishwe na Baraza la Wauguzi lenyewe, si na wewe. Wewe kazi yako ni kuomba, kulipa, na kuwasumbua watu kwa adabu.

Basi tukaenda pamoja mpaka chuoni kwake, ambacho kilikuwa kimeshaunganishwa na chuo kingine na kuhamia jengo jingine. Masijala yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jiko: mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani, yamepangwa sakafuni, mengine yameloa pembeni. Karani mtu mzuri, kwa kweli, lakini kila jambo kwake ni njoo Alhamisi. Faili likapatikana. Tukafungua karatasi ya matokeo: masomo yapo, alama zipo, na kwenye safu ya saa za mazoezi ya wodini pameandikwa neno moja, "amekamilisha".

Amekamilisha nini? Watu wa Marekani wanataka saa. Saa za darasani mbali, saa za wodini mbali, na zigawanywe: wagonjwa wa ndani na upasuaji, watoto, uzazi, akili. Ukipungukiwa na saa za wodi ya akili, wanakuambia umepungukiwa. California ndiyo wakali kuliko wote: hao wanataka nadharia na mazoezi ya somo hilo yawe yamekwenda pamoja kwa wakati mmoja, si nadharia mwaka wa kwanza na wodi mwaka wa tatu. Umesoma vizuri, umezalisha akina mama hesabu imekupotea, lakini kama mpangilio haukuwa huo, wanakurudisha darasani.

Kilichomwokoa ni kile kitabu chake cha mazoezi, kile cha kusainiwa na sista wa zamu, ambacho wengi wenu mkishamaliza mnakifanya kawa ya sufuria. Mama yake alikuwa amekikunja ndani ya kanga, chini ya sanduku. Kurasa zimeingia rangi ya chai, lakini tarehe zipo, wodi zipo, saini zipo. Chuo kikakaa nacho, kikajumlisha saa upya, mkuu akasaini, bahasha ikatumwa. Na jina? Hati ya kiapo kwa wakili, kisha kurekebisha kwenye Baraza, kisha kusubiri.

Yote hayo yalipokwisha, yale matokeo ya IELTS yakawa yamekufa. Hudumu miaka 2 tu. Akalipa tena, akakaa tena, kwa mtihani aliokwisha kuufaulu. Ndiyo maana nasema na nitaendelea kusema mpaka mnichoke: karatasi kwanza, Kiingereza mwisho. Huyu hapa mbele ananiandika, mashaallah. Nyinyi wengine mnapiga picha.

Nasikia mtu ananong'ona, "Mwalimu, mimi wakala wangu ananishughulikia." Mwanangu, wakala hawezi kukuombea karatasi chuoni bila wewe, hawezi kubadilisha jina lako, hawezi kukufanyia mtihani. Anachoweza ni kukujazia fomu unayoweza kuijaza mwenyewe. Uingereza sheria yao inamkataza wakala kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Kwa hiyo anayekwambia lete laki mbili za kushika nafasi ya hospitali London, muulize swali moja: zinashika nini? Na wale waliokuwa wakipelekwa kama wahudumu wa wazee, wakiahidiwa kuwa wakishafika watageuzwa wauguzi, mlango huo wa kuajiri kutoka nje ulifungwa Julai 2025. Muuguzi mwenye usajili bado ana njia. Anayewauzia ile nyingine anawauzia hewa.

Mwingine anasema, sisi tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, tunapimwa kwa nini? Mwaka 2022 ilipotoka habari kwamba kati ya wauguzi 300 wa Kenya waliopimwa Kiingereza walifaulu 10 tu, nchi nzima ilicheka. Mimi sikucheka. Watu waliwatazama wauguzi wale kama wasiojua lugha. Kwenye IELTS, Uingereza wanataka alama 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika. Hiyo 6.5 ni ya tangu mwisho wa 2018. Kabla ya hapo hata kuandika ilikuwa 7, na wengi waliokuwa wakianguka walikuwa wakianguka kwenye kuandika. Sisi tunaandika ripoti ya zamu kwa vifupisho: hali nzuri, dawa kapewa, endelea. Kisha unakaa mbele ya karatasi inayokutaka ujenge hoja kuhusu usafiri wa umma. Ni zoezi lake, lina ufundi wake. Mnaweza kuchagua OET, mtihani mwingine wa Kiingereza, ambao umejaa mambo ya hospitali: barua ya kumhamisha mgonjwa, mazungumzo na jamaa. Wengi wenu utawafaa zaidi. Lakini hamuutaki kwa kuwa rafiki yako alifanya ule mwingine.

Na yupo mkubwa mmoja hapa, namwona amekunja uso, anataka kuniuliza mbona nawasaidia vijana kuondoka na wodi zetu hazina watu. Mheshimiwa, wodi hazina watu, na watu hawana ajira. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja. Ule mkataba serikali yetu iliotia saini na Uingereza Julai 2021 ulitajwa waziwazi kuwa ni kwa wauguzi wasio na kazi. Waajirini, nami nitanyamaza.

Ndugu zetu mliovuka kutoka Tanga, yenu ni tofauti kidogo. Tanzania iko kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, yaani hospitali na mawakala wao hawaruhusiwi kuja kuwatafuta. Lakini orodha hiyo haimzuii mtu kuomba mwenyewe. Wengi wameambiwa wamefungiwa, wakakata tamaa bure.

Naonyeshwa saa. Haya, Uingereza kwa mbio: mtihani wa kompyuta unaufanya kabla ya kusafiri, hesabu za dawa na uuguzi wenyewe. Ukifika kule unafanya wa vitendo, OSCE, vituo 10, ada ni pauni 794. Hospitali nyingi humlipia mtu. Hakikisheni imeandikwa kwenye mkataba, na msome ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani. Watu huangukia kutonawa mikono na kutojitambulisha kwa mgonjwa. Mambo ya mwaka wa kwanza!

Ghuba: Saudia, Dubai, Omani, kila mmoja na mamlaka yake na mtihani wake, na karatasi zenu zitakaguliwa mpaka chuoni, kwa hiyo rudini kwenye majina. Wengi wao wanataka uzoefu wa kazi, na miaka mliyokaa nyumbani bila kushika mgonjwa wataiulizia. Ujerumani ni Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani cha juu ya wastani, na hakuna cha mkato. Nilikuwa na mengi ya kusema juu ya Ujerumani lakini mwenyekiti keshasimama.

Wenye pasipoti, cheti cha kidato cha nne na leseni mkononi, pangeni mstari upande huu, tuangalie majina moja baada ya jingine. Maswali ya NCLEX mpelekeeni yule bwana mwenye kompyuta.