Nionyesheni huyo mume

Kaeni, kaeni. Nimeulizwa pale mlangoni: "Mwalimu, leo tena Cindy Sherman?" Leo tena. Ni mpiga picha wa Marekani, anajigeuza wanawake wa kila aina kisha anajipiga mwenyewe. Na kesho nikialikwa nitakuja naye, mpaka watu waache kuziita picha zake selfi.

Tazameni ukutani. New York, 1978. Mwanamke amechuchumaa kwenye sakafu ya jiko, mfuko wa karatasi umepasuka, vitu vya dukani vimetapakaa, mkononi ameshika boksi la mayai. Ameinua macho, anamtazama mtu ambaye sisi hatumwoni.

Kila mwaka nawauliza wanafunzi: anamtazama nani? Majibu hayachelewi. Mume, kaja na hasira. Mwizi. Mama mkwe, na hapo darasa zima hucheka. Mwaka mmoja kijana wa viti vya nyuma akasimama kabisa: "Huyu mzembe, mumewe akirudi atakula nini?" Nikamwambia, mwanangu, njoo unionyeshe huyo mume. Akaja, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta. Hakuna mume, hata kivuli chake. Akarudi kukaa huku ananung'unika: "Lakini anafanana na mke wa mtu."

Hapo alinifurahisha. Anafanana! Tumewaona wangapi wa aina yake kwenye filamu za miaka ya 1950 na 1960? Mama wa jikoni, msichana mgeni mjini, mrembo anayengojea simu isiyolia. Sherman akawavaa mmoja mmoja, kwa wigi, wanja na nguo za mitumba. Karibu picha 70, nyeusi na nyeupe, kati ya 1977 na 1980, zimekaa kama zile za kutangazia sinema, na sinema yenyewe haipo. Hiyo ya mume mwenye hasira mmeitunga ninyi, hapo hapo mlipokaa.

Najua atanyanyuka mtu aseme, si kajipiga mwenyewe, huko si kujipenda? Jamani! Mwenye kujipenda angejificha hivi? Huyu wa namba 3, kwenye sinki na aproni yake, na yule wa namba 21 mwenye kofia katikati ya maghorofa, ukikutana nao stendi utaapa hawajuani. Tena hakuwapa majina, ni namba tu. Angewaita Mary au Susan mngepumzika, mngejua cha kufikiri.

Mwingine atasema, akizirudia sura hizo si anazieneza? Hilo swali la haki, hata watetezi wa wanawake wamegombana juu yake. Mimi hujibu kwa namba 6. Mwanamke kalala kitandani na kioo mkononi, macho yameganda kama ya mdoli, unaona kabisa kalazwa hivyo ili atazamwe. Haya, angalieni mkono wa pili. Kile alichoshika ni kifyatulio cha kujipigia picha mwenyewe, na waya wake unakwenda kwenye kamera. Angeweza kukificha. Hakukificha.

Nilitaka kufika kwenye zile za rangi za 1981, ambazo jarida la sanaa la Artforum liliziagiza kisha lisizichapishe, na moja ikaja kuuzwa mnadani 2011 kwa karibu dola milioni 3.9. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo habari za bei tutaongea kwenye chai.

Projekta msizime. Nirudishieni ile ya mayai. Wewe mzee wa kaunda suti, uliyecheka sana kwenye mama mkwe: anamtazama nani?