Lugha ya nani inasikilizwa Mbeya?

Mugonile, ndo salamu ya Kinyakyusa! Na kamwene kwa mliotoka Iringa na Njombe! Haya, mmeitikia vizuri wote. Sasa nani anisalimie kwa Kisafwa? Naona mikono mitatu tu, na hapa tulipo ni Mbeya mjini, ardhi ya Wasafwa wenyewe.

Simlaumu mtu jamani. Nimeanzia hapo kwasababu tukisikia haki za lugha tunawaza Kiingereza na Kiswahili basi, wakati huku kwetu Mmalila akishuka na viazi vyake sokoni Mwanjelwa anakuta watu wanapatana bei kwa Kinyakyusa, akienda ofisini ni Kiswahili, mtoto wake akiingia fom wani ni Kiingereza, yaani yeye lugha yake inaishia nyumbani. Na Kinyakyusa hakikupata nguvu hivihivi, wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, wakakijifunza na kukiandika, kikawa lugha ya kanisani na shuleni mapema.

Kiswahili mimi nakipenda sana, nataka nieleweke. Tangu 1967 ndo kinafundishia shule za msingi, na mwaka 2021 sheria ikabadilishwa kikawa lugha ya mahakama, jambo kubwa hilo maana kabla yake hukumu za mahakama za juu zilikuwa zinaandikwa kwa Kiingereza na mwenye kesi anabaki kumtazama wakili usoni. Ila wapo wazee wetu, hasa akina mama wa milimani, ambao Kiswahili chenyewe kwao ni kigeni, na hao nani anawasemea?

Kuna siku nimempeleka mgonjwa hospitali moja, jina nalihifadhi. Mbele yangu bibi wa Kimalila na mjukuu wake wa kiume, wa darasa la tano hivi, bado kavaa sare. Daktari anauliza kwa Kiswahili, mtoto anatafsiri. Ikafika kwenye swali la damu, inatoka wapi, ilianza lini, mtoto akainama, akawa anachezea kifungo cha shati, halafu akamuuliza bibi yake kama kichwa kinamuuma. Mimi Kimalila nakisikia. Bibi akasema ndiyo, mtoto akamwambia daktari ndiyo, daktari akaandika. Niliingilia, nikamwita nesi pembeni, lakini hivi fikirieni siku ambazo hakuna wa kuingilia.

Sasa tazameni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshtakiwa atafsiriwe ushahidi kwa lugha anayoielewa. Anayeshtakiwa kwa wizi ana haki hiyo, bibi mgonjwa anategemea mtoto wa shule! Someni Katiba yetu ibara ya 13(5), imetaja kutobagua kwa kabila, mahali mtu alipotoka, dini, rangi, jinsia, lugha haimo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu wa 1981, ambao nchi yetu imeuridhia, umeitaja lugha waziwazi kwenye ibara ya 2. Wenzetu Kenya Katiba yao ya 2010 ina ibara nzima, ya 44, ya lugha na utamaduni, inayompa mtu haki ya kutumia lugha anayoichagua.

Wengine mtasema tutarudisha ukabila. Ukabila ni kumnyima mtu kazi kwa ajili ya kabila lake, na huo niko tayari kuupinga popote, lakini bibi kuelewa ugonjwa wake kunavunja umoja gani? Kinachoniuma zaidi ni vile kibao cha adhabu walichokuwa wanavalishwa watoto shuleni kwa kusema kilugha, leo kwenye baadhi ya shule za ingilishi midiamu anavalishwa mtoto aliyesema Kiswahili, na mzazi analipa ada kwa furaha.

Mimi siombi kila lugha iwe ya taifa. Naomba ofisi ndo ibebe mzigo wa kutafsiri, sio mwananchi. Hospitali zetu zina manesi na wahudumu Wasafwa, Wamalila, Wanyiha, Wandali, Wasangu, majina yao yabandikwe mapokezi na zamu zao, wakiitwa kutafsiri iandikwe kama kazi na walipwe posho. Hilo mganga mfawidhi anaweza kulianza Jumatatu bila kusubiri Katiba mpya, na nyie wanafunzi wa sheria mliokaa huku mbele muanze kuwaandikia barua waganga wafawidhi.

Karibuni maswali.